Msimu Mikono Iliponyamaza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, mimi nikiwa chumba cha macho, katikati ya sentensi ya daktari. Bati lilianza kunguruma, naye akawa anapiga kelele ili nimsikie. Mzee niliyekuwa namkalimania, kiziwi tangu utotoni, akatutazama kwa mshangao. Akaniuliza kwa mikono, "Huyu ananigombeza nini?" Nikamwonyesha dirishani. Akatazama, akatikisa kichwa: "Kumbe maji tu!" Nilipomtafsiria daktari tukacheka wote watatu. Mimi nilichelewa kidogo, kama kicheko nacho kilikuwa kinasubiri nikitafsiri kwanza.

Mwenzangu aliondoka mwezi uliopita kumfuata mumewe aliyehamishwa. Sasa mkalimani wa lugha ya alama ni mimi peke yangu, hospitali nzima. Sista Mkuu, ambaye tukiwa hatupo mbele yake tunamwita Chuma, ameniambia, "Vumilia kidogo, mama. Mtu anatafutwa." Ameniambia huku akitembea, bila kusimama.

Jumatano, 5 Machi

Nguo hazikauki.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kliniki ya wajawazito. Fundi wangu alikuja.

Namwita wangu, ingawa tuna wagonjwa wengi. Ni fundi cherehani, ana ulimi mkali kuliko wenye ndimi, ila wake uko vidoleni. Amebeba mimba ya kwanza baada ya kungoja miaka mingi. Mumewe, seremala, ni kiziwi pia. Nesi alipompima uzito akaguna, Fundi akaniambia, "Mwambie mzani wake ndio mnene." Nesi alicheka hadi akakosea kuandika.

Ni yeye aliyenipa jina langu la mikono, mwaka ule nilipoanza kazi. Viziwi hawakuiti kwa herufi za cheti chako cha kuzaliwa, wanakuita kwa jinsi wanavyokuona. Jina langu ni ncha ya kidole inayozungushwa shavuni, pale penye kishimo ninapocheka.

Mtoto anatarajiwa katikati ya Aprili. Nimemwahidi nitakuwapo.

Jumanne, 11 Machi

Meno. Mifupa. Wodi ya watoto. Meno tena. Viatu vimelowa vikaniganda miguuni.

Ijumaa, 14 Machi

Baba watoto ni fundi wa majokofu, na kama mafundi wengi wa majokofu, ana utani wa kupoza kila jambo. Asubuhi tukinywa chai akasema, "Mke wangu, siku hizi unapiga soga usingizini."

"Nasema nini?"

"Nitajuaje? Unapiga kwa mikono. Nimeona vidole vinacheza juu ya shuka. Nikasema kama ni siri za mwanamume mwingine, basi leo zimenipita."

Binti yetu alicheka hadi chai ikamtoka puani. Mimi niliitazama mikono yangu. Ilikuwa imelala kando ya kikombe kama ya mtu mwingine aliyeisahau pale. Sasa najua kwa nini naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Jumatano, 19 Machi

Binti yangu alinisimulia habari za shule. Nikamtazama midomo ikifunguka na kufumbika, nikawa naitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, enhe. Nje maji yalikuwa yanatiririka ukutani, na sauti yake ilikuwa kama inatoka chini ya maji hayo, mbali, mahali pa kijani kibichi. Palikuwa pazuri. Nilitaka kubaki.

"Mama, nimekuuliza swali."

"Enhe?"

"Nimekuuliza nani aje kwenye mkutano wa wazazi, wewe au baba. Umesema ndiyo."

Kisha akamgeukia baba yake, bila hasira, akamuuliza yeye. Hilo la bila hasira ndilo limeniuma. Au nimeandika tu kwamba limeniuma. Nilijipapasa ndani kutafuta maumivu yenyewe, sikuyapata.

Jumamosi, 22 Machi

Nimelala mchana kutwa. Nimeamka nimechoka.

Jumatatu, 24 Machi

Fundi amekuja kliniki akiwa na maswali mengi. Mtoto anageuka? Mbona miguu imevimba? Mumewe aruhusiwe kuingia chumba cha kujifungulia? Kuna dawa alipewa zamani ikamvimbisha koo, je, imeandikwa mahali? Mikono yake ilikuwa inaruka kama ndege, nami katikati ya hayo nikatamani, Mungu anisamehe, angeifumba. Mwanamke ninayempenda! Nikamkatisha. Nikamwambia daktari ana haraka, na daktari hakuwa na haraka yoyote, alikuwa anakuna sikio kwa kalamu. Swali la dawa halikufika.

Wakati wa kuondoka Fundi akanishika mkono, akanigeuza nielekee kwenye mwanga wa dirisha.

"Jina lako limekuwa uongo," akasema. Akaweka kidole shavuni, akakizungusha polepole. "Shimo limefukiwa. Tangu lini?"

"Mvua," nikamjibu. "Mvua inanitia uvivu."

Hakuamini. Mtu anayesikiliza kwa macho humdanganyi kwa uso.

Nilimkasirikia njia nzima hadi nyumbani. Nilimkasirikia na Chuma, na mwenzangu aliyehama, na mwanamke aliyesimama mbele yangu na mwavuli mpana. Kila mtu alikuwa anataka kitu. Hata wanaonisalimia naona wananidai jibu.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kazi. Mvua.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimeitwa chumba cha mshauri nasaha, ghorofa ya juu, mwisho wa korido. Ni mama wa makamo, sauti yake ya chini, anapenda kufungua dirisha hata manyunyu yakiingia. Mgonjwa alikuwa mwalimu wa shule ya watoto viziwi, naye kiziwi. Mambo yake ni yake na sitayaandika. Nitaandika tu maneno yaliyopita mdomoni mwangu, kwa sababu kuna jambo limenitokea nayo.

Kazi yetu ina kanuni. Mkalimani hasemi "anasema anaumwa." Mkalimani anasema "naumwa." Mgonjwa akisema mimi, nami nasema mimi. Kwa miaka nimekuwa mimi ya watu wengi: mimi mwenye kisukari, mimi niliyeanguka ngazini, mimi ninayeogopa sindano. Ukitoka mlangoni unaiacha humo kama koti la hospitali.

Mwalimu alianza, nami nikaanza.

"Mimi nimechoka. Si uchovu wa kulala. Nimelala likizo nzima na nimerudi vilevile."

Mwalimu akaendelea.

"Zamani nilikuwa nawapenda. Sasa mtu akinijia na shida yake naona kama ananirushia jiwe. Nawajibu vizuri, lakini moyoni nimefunga mlango. Halafu najichukia. Halafu hata kujichukia kunanichosha. Nafanya kazi zaidi ili nisigundulike, na kazi yenyewe naiona haina maana. Naona hata ningekuwa mti pale darasani, watoto wasingejua tofauti."

Sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Haikutetemeka. Nilijisikia naisema kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwake, akiwa anadhani ni ya jirani.

Mshauri akamwambia, nami mikono yangu ikamwambia, kwamba hilo si uvivu wala si moyo mbaya. Akasema mtu huchoka hivyo akibeba mzigo mkubwa kwa muda mrefu bila kupumzika katikati na bila kuwa na kauli juu ya kinachowekwa kichwani mwake. Kwanza nguvu zinakwisha. Kisha upendo unajificha, kwa sababu mwili unajaribu kuokoa kidogo kilichobaki. Kisha mtu anaanza kuamini kwamba hafai. "Na wanaofika hapo," akasema, "mara nyingi ni wale waliokuwa wakijitoa sana. Moto lazima uwe uliwaka ndipo kuwe na majivu."

Mikono yangu ilipofika kwenye majivu, ilisita. Mwalimu alikuwa ananitazama mimi, wala si mshauri. Akauliza kwa ishara ndogo, chini, karibu na goti, ishara ambayo si ya kutafsiriwa: "Na wewe?"

Sikutafsiri. Nikamgeukia mshauri.

Tulipotoka mshauri akaniita. "Mama, wewe unapumzika saa ngapi?"

"Nikifika nyumbani."

"Na ukifika nyumbani?"

Nikamwambia nasubiriwa chumba cha meno. Kweli nilikuwa nasubiriwa.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimekwenda kuomba likizo. Nimefika mlangoni kwa Chuma, akainua kichwa kutoka kwenye rundo la karatasi, macho mekundu. "Eeh, mama, kuna nini?"

"Napita tu, Sista. Nimekusalimia."

Jumatatu, 7 Aprili

Ukungu mzito. Jengo la hospitali lilikuwa limekatwa katikati, ghorofa za juu hazipo. Nilisimama getini nikifikiri, labda leo halipo kabisa. Nilifurahi kidogo. Ni furaha yangu pekee ya wiki hii.

Ijumaa, 11 Aprili

Baba watoto hatanii tena. Ameanza kunioshea vyombo bila kusema, na kunitazama kama jokofu lisilogandisha ambalo hajui limeharibika wapi.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika ya jana. Nimeketi kitandani, mchana, mvua inanyesha moja kwa moja bila upepo.

Jana asubuhi Fundi aliletwa, uchungu umemshika. Nilitoka mbio wodi ya mifupa. Seremala alikuwa nje ya mlango, amevaa shati la sikukuu, anapangusa viganja kwenye suruali. Ndani kulikuwa na daktari kijana, muuguzi mmoja, na Chuma mwenyewe, kwa kuwa siku hiyo watu walikuwa pungufu. Fundi aliponiona akaweka kidole shavuni, akakizungusha, akajaribu kutabasamu. Kisha maumivu yakamchukua.

Saa zikaenda. Mtoto hakushuka. Sauti ya mashine inayofuata moyo wake ikaanza kulegea, na daktari akasema itabidi wampasue, waanze na dawa sasa hivi. Nikamweleza Fundi, akakubali. Daktari akauliza, kalamu mkononi, "Kuna dawa yoyote inayomdhuru?"

Swali hilo nimelitafsiri maelfu ya mara. Karibu kila mtu hujibu hapana. Nilimuuliza Fundi, mikono yake ikapanda kuanza kujibu, na mimi, nikiwa nimeshageuka kuelekea kwa daktari, nikasema:

"Hapana."

Sikungoja. Nilijibu kwa niaba yake kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino. Muuguzi akaelekea kwenye kabati la dawa.

Nikarudisha macho. Fundi alikuwa bado anasema. Alikuwa anaonyesha koo lake. Vidole vilikuwa vinafunguka pale kooni, kuvimba, kuvimba, na macho yake yakimfuata muuguzi, kisha yakirudi kwangu.

Na hapa niandike ukweli kama ulivyokuwa. Nilielewa alichosema, na sikuhisi chochote. Nilikuwa nimesimama ndani ya pamba. Chumba kilikuwa cheupe na kizuri, maji yalikuwa yanateremka kiooni, muuguzi alikuwa anavuta dawa kwa bomba la sindano taratibu kama watu wanavyofanya vitu ndotoni, na nilifikiri, bila haraka, "Haya, wataona wenyewe."

Sijui ilichukua muda gani. Labda pumzi moja. Kilichonirudisha ni hofu ya kutokuwa na hofu. Nikapiga kelele.

"Acheni! Acheni hiyo! Nimekosea! Amesema ndiyo, ipo, ilimvimbisha koo!"

Muuguzi akabaki na sindano hewani. Daktari akageuka. "Umesema hapana."

"Nimesema mimi. Hakusema yeye. Sikumngoja."

Kisha mikono yangu ikashuka. Nilitaka kuiinua nimweleze Fundi, ikakataa, kama nguo iliyolowa. Nikamgeukia Chuma, nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya mgonjwa yeyote. "Sista, siwezi. Mimi, mimi mwenyewe, siwezi kuendelea. Nikiendelea nitamdhuru."

Nilingoja anigombeze. Yule mwanamke akanitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vizuri umesema. Kaa pale." Akavua glavu, akaenda akainama mbele ya uso wa Fundi, na akaanza kuongea kwa mikono.

Chuma! Mikono mizito, minene, inayokosea, kama mtoto anayeandika herufi za kwanza. Dawa, nyingine. Ile, hapana. Mtoto, haraka. Mimi, hapa. Pale alipokwama alichora kwenye kiganja cha Fundi. Miaka yote anapita karibu yangu bila kusimama, kumbe alikuwa anajifunza akitembea.

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ndiyo. Ndiyo. Wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji, na Chuma akatembea kando ya kitanda, mikono ikiwa juu ili ionekane.

Mtoto alizaliwa akilia. Msichana. Nilimsikia kupitia mlango. Seremala alikuwa ananitazama akisubiri, nikaweza kufanya ishara moja tu: analia. Akakaa chini sakafuni na shati lake la sikukuu.

Baba watoto alikuja kunichukua. Nilidhani nitalia njiani. Nilisinzia.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimelala.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepewa mapumziko ya mwezi. Karatasi ya daktari inasema uchovu mkali utokanao na kazi. Nimeisoma mara nyingi. Ni maneno ya kawaida tu, lakini nilikuwa nimejiandaa kusoma mengine: mzembe, muuaji.

Naamka, nasikiliza maji, nalala tena. Binti yangu huja na kulala kando yangu akitoka shule, viatu miguuni. Haulizi kitu. Leo nilinusa nywele zake zilizolowa, nikalia kwa mara ya kwanza. Akaita, "Baba, Mama analia!" kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba umeme umerudi.

Jumanne, 29 Aprili

Kwa mshauri. Safari hii nilikaa kile kiti kingine. Nilipoanza kusema nilijikuta nasema "mtu anapofika hapo" na "watu kama sisi." Akanisubiri. Hakunisaidia. Mvua ilikuwa inapiga fremu ya dirisha lake.

Tumegundua jambo moja. Nilikuwa naamini kwamba nikikosekana siku moja, watu watabaki bila sauti. Nilikuwa naliona kama jukumu. Akaniuliza, "Na lilikuwa tamu?" Nikafikiri sana. Ndiyo. Lilikuwa tamu. Kuhitajika kila mahali ni kutamu kama sukari, na nimeila badala ya chakula.

Alisema pia tusinitwishe mimi lawama yote, wala tusiitwishe hiyo sukari. Hospitali kubwa kuwa na mkalimani mmoja si kosa la mkalimani.

Alhamisi, 8 Mei

Sista Mkuu amekuja nyumbani. Simwiti tena lile jina. Alileta machungwa ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyekuja kuomba.

"Nilikuona ulipokuja mlangoni kwangu," akasema. "Ile siku ya salamu. Nilijua hukuja kusalimia. Nikaomba Mungu usiseme, maana sikuwa na mtu wa kuweka."

Akatoa chungwa moja mfukoni, akaendelea.

"Miaka mitano iliyopita niliingia stoo ya mashuka nikasahau nimefuata nini. Nikakaa humo juu ya marobota. Nikaona pananifaa. Walinitafuta. Nilipotoka nikasema nilikuwa nahesabu mashuka, nikaendelea na kazi. Hadi leo naendelea." Akamenya chungwa, akanipa. "Wewe ulisema. Ulisema mbele ya daktari. Nilirudi nyumbani nikalifikiria hilo."

Tulikula machungwa. Ameniambia wakalimani wawili wataanza mwezi ujao, na kwamba aliipata saini kwa kukaa ofisini kwa mkurugenzi kutwa nzima bila kuondoka. Baba watoto akasema kutoka jikoni, "Sista, ukichoka na hospitali, kuna wateja wangu hawalipi. Nakuomba ukawakalie." Akacheka, Sista Mkuu, akafunika mdomo. Sikujua kama ana mwanya.

Jumatano, 14 Mei

Leo jua la nusu saa. Majirani wote walitoka na nguo zao kama waliopigiwa kengele.

Jumatatu, 19 Mei

Nimerudi kazini, nusu siku. Kila baada ya wagonjwa wawili napumzika, imebandikwa ukutani. Daktari wa meno alikuja kuniambia "mmoja tu, wa haraka." Nikamwambia hapana, aje baada ya robo saa. Moyo ulinidunda kama nimeiba. Akasema, "Sawa," akaenda zake. Sawa tu! Sikujua neno hilo lilikuwa linangoja upande wa pili wakati wote.

Bado sijapona. Mchana nilihisi ile pamba ikinikaribia masikioni. Lakini sasa naijua ikija, na nikiijua natoka nje, nasimama ukumbini hadi ipite.

Jumamosi, 24 Mei

Nilikuwa naogopa kwenda kwa Fundi. Leo nimekwenda.

Chumba chao kina mwanga mwingi, vipande vya vitambaa kila mahali, na kitanda kidogo alichochonga seremala, laini kama mfupa. Nilisimama mlangoni, nikaanza kuomba radhi, maneno niliyoyapanga wiki nzima. Fundi akanikatisha.

"Ulikosea," akasema. "Nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwelikweli, siku nyingi. Halafu nikakumbuka uso wako pale ulipopiga kelele. Wewe ndiye uliyepiga kelele. Kaa, chai inapoa."

Tukanywa chai. Mtoto alikuwa macho, anatazama dari. Fundi akanieleza kwamba anasikia. Wamempima. Mlango ukigongwa, anashtuka. Wao wawili hukaa wakimtazama akishtuka, wakikisia ni nini. Jana alishtuka sana, wakazunguka nyumba nzima wasione kitu.

Kisha akamchukua mtoto, akaniwekea mikononi.

"Zungumza naye," akasema. "Kwa mdomo. Nataka kumwona akisikia mtu."

Nikauliza, "Nimwambie nini?"

"Unaniuliza mimi?"

Nikamtazama yule mtoto. Nikakohoa, naye akaacha kutazama dari. Nikamwambia mvua imekatika. Nikamwambia kwamba nyumbani kwangu kuna msichana anayelala na viatu. Macho yake yakaanza kutafuta, kushoto, kulia, yakafika kidevuni kwangu, yakapanda, yakatulia. Nikaendelea. Nilimwambia mambo ambayo sijamwambia mtu, wala hapa sijayaandika, kwa sauti ndogo, na alisikiliza hadi mwisho, mdomo wazi kidogo.

Fundi alikuwa ameegemea cherehani yake, anatutazama. Hakuniuliza nimesema nini, nami sikutafsiri.